Chumba Kisicho na Dari

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mdogo wangu Crispin kaja likizo na riwaya. Kaandika mwenyewe! Kurasa 171. Mzee mmoja kauawa chumbani kwake, komeo limefungwa kwa ndani, dirisha lina nondo, familia nzima iko sebuleni inakunywa chai. Nani kaua, na katokaje? Inatakiwa ifike kwa mchapaji Jumamosi saa sita mchana. Eti: dada, wewe ni fundi milango, niambie kama komeo langu linaaminika. Mwalimu mwenye digrii ananiuliza mimi! Sitaki kusema uongo, nimefurahi. Nimefunga karakana mapema.

Jumanne, 10 Juni
Ukurasa wa 94. Nacheka peke yangu. Chumba chenyewe ni kile cha kwa Mama hapa Majengo, hata ufa wa ukutani kauweka. Na yule shangazi mlafi ni shangazi Devota mtupu! Kijana anajua kuandika.

Jumatano, 11 Juni
Ukurasa wa 160. Muuaji ni dada mkubwa! Anaitwa Edna – fundi milango, mnene, mkali, goti bovu. Goti langu! Nimeishia hapo. Nimemrudishia makaratasi yake.

Miaka ishirini na mbili nimeshika randa, mwanamke peke yangu kati ya mafundi kumi na saba. Leo mji mzima usome kwamba naua wazee. Nani ataniita tena nimwekee mlango wa chumba cha kulala?

Crispin kacheka. Eti ni hadithi tu. Eti kufunga komeo la ndani ukiwa nje, kwa uzi, fundi tu ndiye anaweza. Hakuna mwingine.

Hakuna mwingine!

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda na futi yangu kupima. Nyumba ya Mama haina dari. Na kwenye riwaya hakutaja dari hata mara moja, nimekumbuka vizuri. Ukuta futi nane, bati futi kumi na moja. Uwazi wa futi tatu! Utotoni tulipitishiana sahani za ugali hapo juu. Muuaji anafunga komeo, anapanda kitandani, anavuka, anashukia chumba cha pili. Uzi wa nini? Yeyote anaweza.

Crispin kakuna kidevu. Kasema: onyesha.

Mama katoka jikoni: nani kafa?

Jumamosi, 14 Juni
Nimeonyesha! Saa nne asubuhi nimefunga komeo kwa ndani, stuli juu ya kitanda, nimevuka. Nimeangukia magunia ya mahindi. Mama kapiga vigelegele. Nikasema: umeona? Yeyote anaweza.

Crispin: nimeona, dada. Hata mwenye goti bovu.

Nimejifunga goli mwenyewe.

Halafu tukautazama mlango. Komeo liko ndani, sisi wote watatu nje. Na laptop ya Crispin iko kitandani, pamoja na makaratasi! Kajaribu kuvuka mara mbili, kaning'inia kama koti la mtumba. Mikono ya chaki. Saa tano na robo, na mchapaji anasubiri saa sita.

Nikaona pa kumbana. Nikasema: navuka mimi, lakini Edna asiwe muuaji. Mama kadakia: niweke mimi, baba, sijawahi kuogopwa na mtu.

Crispin hakucheka. Kasema nitabadilisha, dada, ila ungamo lake la mwisho litaondoka naye. Hukulifikia?

Sikulifikia.

Nimevuka. Niko kitandani, komeo sijaligusa, nasoma nilipoishia. Daftari liko mfukoni kama kawaida, naandika kwa penseli ya vipimo. Kumbe Edna alikuwa wa kwanza darasani. Yule mzee, baba yake, akamtoa kidato cha pili ili mdogo wake wa kiume asome. Hakulia. Hakumwambia mtu. Akaenda kujifunza milango.

Na mimi sikumwambia mtu! Crispin alikuwa na miaka minane. Alijulia wapi? Kaandika mpaka ile siku ya kuvua sare: sketi ikakunjwa mara nne, ikawekwa chini kabisa ya sanduku.

Ni kweli. Mara nne.

Anagonga. Dada, saa sita kasoro ishirini, tafadhali. Nimfute Edna, nisimfute? Mama naye anaita kupitia uwazi wa juu: Walburga, mbona kimya, umeumia?

Nimewaambia wasubiri. Nimebakiza kurasa nne.