Ukuta ya Jiko Sijaikandika

Feza, muke mwenzangu,

Usianze kucheka. Nakuita vile sababu babu yako, koko yako mwanaume, Mungu amupumzishe, alikuitaka muke yake mudogo toka siku ulizaliwa, na miye nikakubali kuwa na mwenza. Yeye hayuko tena, lakini siye wawili tuko bado wake zake.

Hii barua haiko ya kuficha. Mwalimu jirani, ule alikufundishaka kusoma, ndiye anaandika. Miye nasema tu. Akimaliza ataipiga foto na simu, ataituma kwako na kwa watu wote wa hapa kwetu Wamaza wenye wako mu simu yake. Nimemwambia atume. Kuko watu hapa walisema kuchora haiko kazi. Wasome. Wenye hawajue kusoma wasomewe, sawa miye.

Mwalimu anataka nianze na kitabu yenye ulituma. Kitabu itangoja. Naanza na mbuzi.

Ulikuwa na miaka saba ao nane. Ilikuwa kiangazi, wakati siye wanawake tunakandika nyumba, na nilikupa kazi ya kukanyaga udongo na miguu. Ukakanyaga kidogo, kiisha mutoto hayuko. Kumbe uko nyuma ya nyumba na makala na pembe, ule udongo mweupe wa ku mto, unachora. Nikasema huyu ni muvivu, anafanana na babu yake. Kesho yake mwenye kukaa ng'ambo ya njia akakuya, uso imekunjana, akauliza: "Sababu ya nini mbuzi yangu iko ku ukuta yenu?" Tukaenda kuangalia. Kweli ilikuwa yake, ile ya sikio ya kukatika, na ile macho yake ya kuiba muhogo. Alifikiri tumeiandika ili tuseme ni yetu. Koko yako akamwambia: "Basi, ifunge kamba uende nayo." Tulicheka mpaka tumbo ikauma. Lakini miye nilibakia pale naangalia ile sikio. Ile mbuzi ilipitaka mbele yangu kila siku, ilinikulia mboga, na sikujua sikio gani imekatika. Weye ulijua.

Ni vile uko. Mutu mwingine anachora kitu sawa anaifikiria. Weye unakaa kwanza, unaangalia, unauliza watu mpaka wanachoka.

Ulipoenda masomo ku Kasongo, ukachora plaki, ubao ya mulango, ya mama musuka nywele karibu na soko. Vichwa sita. Tano ni vya watu, ya sita uliitoa mu kichwa yako mwenyewe. Wanawake wote wakataka ile ya sita. Yule mama hakujua kuisuka, akakuita ukasimama nyuma yake unamuonyesha: pitisha hapa, rudisha hapa. Hata sasa wanaisuka, mpaka Lusangi wanaisuka, na hakuna mwenye anajua ilizaliwa ku ubao. Na ku Nyangwe, wavuvi walikuita uandike majina ku mitumbwi. Mumoja akataka samaki kubwa kupita ya wenzake. Ukamuuliza kama amewahi kuipata ya vile. Akasema angeipata, angekuita kufanya nini?

Nasema mingi, najua. Mwalimu amebadilisha biki mara mbili.

Lakini ile afishi ya maternite, picha kubwa ya ku ukuta ya nyumba ya kuzalia, siwezi kuiruka. Kwanza walileta ingine, ya kutoka mbali, muke na tumbo yake anaenda kuzaa peke yake, na sakoshi sawa anaenda ku ofisi. Wanawake wa hapa waliiangalia wakauliza: huyu maskini, hana watu? Kiisha wakakupa weye kazi. Ukakuya na karatasi zako, ukakaa na siye siku tatu, ukatuuliza nani anatangulia, nani anafuata, nani anabeba nini. Ukachora muke mwenye mimba mbele, na nyuma yake muke muzima anabeba beseni na vikwembe juu ya kichwa. Hapa hakuna mutu anaenda kuzaa bila mama nyuma yake. Mama-wakwe waliona ile beseni, kila mumoja akasema ni yangu ile. Kiisha wakaanza kusindikiza wakamwana wao, hata wenye walikuwa wanawakatazaka kwenda maternite. Afishi moja, bila kelele. Mapadri wanahubiri kila siku ya Mungu na bado tunaiba ndizi.

Ulipotoka Bukavu ulikuya na ordinatere yako, ile kompyuta. Ukaniketisha hapa kwa mulango, ukaniambia hii ndiyo ukuta yangu sasa. Nikauliza udongo iko wapi. Ukacheka. Ukachora kuku mbele ya macho yangu, bila makala, bila maji, na kalamu yenye haina wino. Ukaifuta, ikaisha kabisa. Kiisha ukafinya pahali padogo, kuku ikarudia, na manyoya yake yote.

Nikasimama, nikaingia mu jiko. Ulifikiri nimeogopa mashini. Haikuwa mashini, Feza.

Mwalimu, hapa andika polepole.

Mama yako Riziki alipokufa, ulikuwa na miaka kumi. Alikuwa mutoto wangu mwanamuke mumoja tu. Foto yake tulikuwa nayo moja, ilipotea mu njia wakati tulikimbia vita. Kwa hiyo hatukubakia na uso yake pahali. Na weye, mu zile siku za matanga, wakati siye wakubwa tulikuwa tunalia na kupikia wageni, uliingia mu jiko ukamuchora ku ukuta. Anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kitambaa ya kichwa imefungwa juu ya sikio ya kushoto, sawa alifungaka yeye. Na mutwangio mu mukono ya kushoto, sababu alikuwa wa kushoto, nilimupigaka juu ya ile akiwa mudogo na haikusaidia. Niliingia kutafuta chumvi, nikamukuta anatwanga. Nilikaa chini. Kila asubuhi nilikuwa nawasha moto mbele yake, namusalimia.

Unajua desturi yetu. Siku ya kumaliza matanga, wanawake wanakuya, wanafagia, wanafua, na wanakandika nyumba yote, ndani na inje, ili kifo isibakie na pahali pa kukaa. Walianza mbele. Miye niliingia mu jiko na udongo mu mukono. Nikafika kwake, mukono ikasimama. Dada ya koko yako alikuwa nyuma yangu. Akasema: "Muke, kandika. Unataka kumufunga humu?" Wote wakaniangalia. Nikaanza na miguu yake. Nikamaliza na kitambaa.

Maji ya ule udongo ulichota weye. Uliingia na ndoo juu ya kichwa, ukaiweka chini, ukaangalia ukuta. Ilikuwa bado mubichi. Nilingoja ulie, nilingoja unitukane. Ukauliza tu: "Koko, maji inatosha?"

Nikasema inatosha. Ukatoka.

Ni hii tu. Hatukuisema tena, weye na miye, toka ile siku. Ulikua, ulisoma, ulienda mbali, na kila safari yako nilisema mu roho: anakimbia ule udongo. Kila mutu akisifu kazi yako nilifurahi, kiisha roho ikaniuma, sababu desini yako, muchoro yenye kupita yote, niliifunika na hii mikono.

Sasa kitabu, Mwalimu, unaona tumefika.

Ilifika kutoka Kasongo juu ya pikipiki, ya watoto wa masomo, na michoro yote ni yako. Mwalimu akaniletea kwanza niione. Jicho ya kushoto imefungwa sasa, unajua, na ya kuume iko na moshi, nalazimika kusogeza kitu karibu mpaka inanigusa pua. Nikasogeza. Nyani, mvua, watoto wanavuka muto. Kiisha muke anatwanga sombe. Kitambaa juu ya sikio ya kushoto. Mutwangio mu mukono ya kushoto.

Mwalimu anasema niliita jina yake kwa sauti. Miye sikumbuke.

Nikamutuma aniletee ile afishi ya maternite. Tulisifu beseni, hatukuangalia mwenye kuibeba. Ni yeye. Kitambaa yake ile ile. Anamusindikiza muke ule kuzaa, sawa angekusindikiza weye. Kiisha nikakumbuka kikwembe yenye ulichora, ile walipiga ku mashini, ukanitumia kwa sikukuu. Majani, majani, na katikati ya majani mikono midogo inatwanga. Nikaivua palepale, Mwalimu akageuza uso, nikaisogeza ku jicho. Mikono yote ni ya kushoto. Miaka miwili nimemufunga mutoto yangu mu kiuno na sikujua.

Hukukimbia udongo, mutoto yangu. Ulimupeleka mahali mukono yangu haifike. Ku karatasi, ku nguo, mu kitabu za watoto wa watu. Miye nilimufunika mara moja, na weye umemutoa inje mara elfu, bila kuniambia hata neno moja ya kunihukumu. Kazi gani ya akili inapita hii? Wale wa kusema, waseme sasa.

Lakini ku karatasi yuko mudogo, na jicho yangu inaisha. Infirmiye, muuguzi wa hapa, anasema ile moshi haitarudia nyuma. Nataka kumuona mara ingine sawa alikuwa, urefu wake, mahali pake, mbele ya moto yangu.

Hii kiangazi nimekandika nyumba yote, ila ukuta moja ya jiko nimeiacha. Wanawake wanauliza kama nimechoka. Nawaambia iko na mwenyewe. Pembe iko mu kitunga chini ya kitanda, nimeipondaponda mwenyewe. Makala haikosekane. Na desturi nimeifanya mara moja, inatosha. Hii hakuna mutu ataikandika tena, nimewaambia wote, hata siku ya matanga yangu.

Kuya, kabla mvua haijaanza kuharibu njia ya Kabambare. Maji usichote. Mara hii nitachota miye.

Miye koko yako, muke mwenzako,
mama ya Riziki.