Filamu Iliyopanda Unene wa Unywele

Mjukuu wangu Riziki,

Salamu toka Okolona. Sisi wazima, na shangazi yako wa Columbus amejifungua mapacha, Mungu asifiwe.

Unauliza kwa nini picha za macho mawili, zile pacha za kutazamwa kwa kifaa zionekane moja yenye kina, unazofunga kwenye fremu huko Buffalo zinakuumiza kichwa. Mimi pia yalinipata, nikiwa kijana studioni Bukavu. Mjane mmoja alileta filamu za marehemu mumewe, aliyepigwa picha kwa kamera ya lenzi mbili. Nikazifunga kwenye fremu, mbili mbili. Mama huyo akachungulia kwenye kifaa cha kutazamia, akafumba macho.

"Simuoni bwana yangu. Naona watu wawili."

"Macho yako ndiyo mabovu, mama," patron, mwenye studio, akamjibu.

Nikaona haya. Nikasema, "Bon, mama, rudi kesho."

Nikapima kwa rula na lenzi ya kukuza. Katika kila jozi, filamu ya kushoto ilikuwa imepanda kuliko ya kulia, unene wa unywele tu! Ndiyo maana macho yalishindwa kuziunganisha. Nikazisawazisha zote.

Kesho yake akachungulia tena, na picha mbili zikawa moja. Ghafla akanyoosha mkono hewani kumshika bwana yake.

"Ni yeye! Amesimama hapa!"

Studio nzima ikalipuka kwa vigelegele, na patron naye akapiga makofi.

Donc, yaani basi, sawazisha kimo cha filamu kwanza, Riziki. Mtu akilalamika, pima kazi yako kabla hujalaumu macho yake.

Akupendaye,
Babu yako