Siku Niliyocheka Kwenye Filamu ya Mfu na Kofia Yake

Elisabethville, Jumatano jioni, Novemba 1957

Mvua imenyesha tangu saa nane na sasa yamebaki manyunyu. Udongo mwekundu umeingia mpaka kizingitini na sina nguvu ya kuufagia. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Jumapili nilicheka. Leo ni Jumatano, na kwa sababu ya kicheko kile mtoto wangu mmoja anaondoka.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikasahau mambo yalivyokwenda.

Leonardi, mume wangu, alikufa mwezi wa tisa. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Kifua kilimshika wakati wa baridi, kikamtesa wiki sita, kisha kikamchukua. Hapa niungame jambo ambalo hata padri sijamwambia: siku tuliyomzika nililala usingizi mzito kuliko wote wa mwaka huu. Hakuna aliyekohoa. Asubuhi nilipoelewa kwa nini nimelala vizuri, nilijichukia.

Nyumba hii ya kambi ya reli si yetu tena. Fundi akifa, anaingia fundi mwingine, ndiyo desturi, nasi tumepewa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa ajili ya kilio walikuja watu wawili kutoka Kabalo, kaskazini: Mama Kabange, mama mkwe wangu, na Dionizi, kaka mkubwa wa Leonardi, ambaye sasa ndiye msemaji wa ukoo. Walikuja kuzika, wakabaki. Mama Kabange hakulia hata siku moja. Miezi miwili amekaa kwenye mkeka kando ya mlango, anakula kidogo, anasema kidogo zaidi.

Mimi nami nilikuwa nimekauka. Nilivaa nguo nyeusi, nikasonga bukari ya unga wa mahindi, nikaosha watoto. Agnesi ana miaka tisa, Faustini ana minne. Machozi yangu yalikwishia hospitalini.

Jumapili, baada ya misa, Agnesi akaniomba twende sinema.

Kila mwaka, siku ya Marehemu ikishapita, padri anaonyesha filamu ile ile katika ukumbi wa misheni, saa tisa ya mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi. Ni filamu ya zamani, haina sauti, na imekwaruzika hata utadhani mvua inanyesha ndani ya nyumba. Hakuna anayeichoka. Watu wanaijua mwanzo mpaka mwisho kama wanavyoijua Injili ya Noeli, na bado wanagombea benchi za mbele. Kamili, karani wa misheni, anasimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, anawasemea watu wa ndani ya picha kwa Kiswahili chetu.

Nilikataa. Mjane hakai sinema.

"Mama, twende," Agnesi akasema. "Baba alikuwaka anaipenda."

Nikajifunga kitambaa kichwani, tukaenda.

Nataka kuandika uzuri wa filamu ile, maana sidhani kama nitaiona tena. Fundi rangi mmoja, mwenye shingo ndefu kama ya korongo, ametumwa kupaka nyumba kubwa ambayo mwenyewe amekufa. Anafungua mlango, anatandika magazeti, anakoroga rangi yake nyeupe. Ukuta wa kwanza unakwisha. Anageuka kupaka sakafu ya mbao. Akirudi kutazama kazi yake, unyayo mmoja umekanyaga rangi mbichi. Kisha wa pili. Kisha nyayo zinapanda ukutani, pole pole, mpaka juu ya dari, na mtu haonekani.

Filamu hiyo haina meno, haina damu. Ni unyayo tu, mahali ambapo hapana mguu. Kila mwaka ngozi ya mikono yangu inasisimka.

Halafu fundi, badala ya kukimbia, anakasirika. Kazi yake imeharibiwa. Anapanda ngazi, anazipaka nyayo zile moja baada ya nyingine, na Kamili anamsemea: "We muntu, niko napaka hapa tangu asubuhi. Pitia kule." Ukumbi mzima unaanguka kwa kicheko. Unyayo mwingine unatokea, fundi anaupaka tena. Anaogopa mpaka magoti yanagongana, lakini brashi haiachi. Nadhani ndiyo maana tunampenda. Sisi sote humu kambini tunaogopa hivyo hivyo, na asubuhi tunakwenda kazini.

Kisha inakuja sehemu ambayo hakuna anayecheka. Fundi yuko juu ya ngazi. Chini yake droo ya kabati inafunguka yenyewe. Ya pili. Ya tatu. Mlango wa kabati unafunguka, nguo zinasukumwa upande. Shuka la kitanda linainuka. Kuna kitu kinatafuta, na kinazidi kukaribia ngazi. Watoto wanajificha kwenye magoti ya mama zao. Kamili anashusha sauti mpaka inakuwa pumzi tu, anamsemea mfu:

"Kofia yangu iko wapi?"

Na kofia iko kichwani mwa fundi. Aliikuta mle ndani, akaivaa tangu mwanzo kwa kujikinga na rangi.

Miaka kumi niliyolala nyumba moja na Leonardi, king'ora cha karakana kikilia asubuhi, yeye anazunguka chumbani: "Mama Agnesi, kofia yangu iko wapi?" Na kofia iko kwapani mwake. Mwaka jana tuliiona filamu hii tukiwa pamoja, benchi ya tatu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ule mufu iko mujinga sana," aliniambia. Tulipotoka nje akasimama mlangoni, akapapasa mifuko, akaniuliza kofia yake iko wapi. Ilikuwa kichwani.

Jumapili, Kamili aliposema maneno yale, nilimsikia Leonardi. Sauti yake yenyewe, na kuudhika kwake.

Nikacheka.

Sikutabasamu, nilicheka kwa sauti, ukumbi ukiwa kimya kabisa. Nilijaribu kujiziba mdomo kwa kitambaa, kicheko kikatokea puani. Vichwa viligeuka vyote, benchi kwa benchi. Agnesi alinishika mkono na kuuminya. Mimi na nguo zangu nyeusi nilicheka mpaka tumbo likauma, na nilipogeuka nyuma nikamwona Dionizi amesimama karibu na mlango. Alivaa koti lake, akatoka.

Sijui filamu ilikwishaje mwaka huu. Nilikuwa naangalia mlango ule.

Jumatatu jioni Dionizi alituketisha sote sebuleni. Si mtu mbaya. Alilipia jeneza, alichimba kaburi kwa mikono yake pamoja na vijana wa karakana. Lakini uso wake ulikuwa umefungwa.

"Ndugu yangu hana hata miezi tatu mu udongo," alisema. "Muke yake anacheka mbele ya kambi yote. Muntu anacheka juu iko na kitu kinamufurahisha. Bantu baliniuliza leo ku karakana: ule muke alimupatia Leonardi nini?"

Nilijua maana ya swali lile: sumu. Linamfuata mjane mpaka kaburini kwake.

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "nilicheka juu ya kofia."

"Juu ya kofia."

Alivyoyarudia maneno yangu, hata mimi niliyaona ya kipumbavu. Akasema Jumamosi watapanda gari la moshi kurudi Kabalo na watoto wote wawili watakwenda nao, maana ni wa ukoo wa baba yao. Mama Kabange alikuwa kwenye mkeka wake. Hakuinua macho.

Niliogopa kuliko siku ya maziko.

Jana mchana nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo. Mama Kabange akatoka, akavuta kigoda, akakaa mbele ya kinu. Ilikuwa mara ya kwanza kunifuata nilipo.

"Ile sinema," akasema, "iko namna gani?"

Nilidhani ananitega. Nikasema ni picha za bazungu, Mama, hazina maana.

"Uniambie yote. Usiruke."

Nikamwambia. Nilitwanga na kusimulia, kisha nikaacha kutwanga. Nilimwonyesha shingo ya fundi, nyayo zikipanda ukutani, fundi akigombana na hewa. Hakucheka. Alikunja uso kama anayesikiliza kesi. Nilipofika kwenye droo zinazofunguka, akaniinamia.

"Anatafuta nini?"

"Kofia yake, Mama. Na kofia fundi ameivaa."

Nikamwambia ni kwa nini nilicheka. Habari ya king'ora, habari ya kwapa, habari ya mlango wa ukumbi mwaka jana. Niliyasema yote harakaharaka, nikitazama mchi, kama mtu yuko mbele ya padri.

Mama Kabange aliinama juu ya kinu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Tangu mutoto alikuwaka vile," akasema. "Siku moja alikuya kulia kwangu: Mama, mbuzi yangu imepotea. Na kamba anaishika mu mukono, na mbuzi iko nyuma yake inakula mahindi yangu."

Akacheka. Ana meno machache, na kicheko chake kilitoka kwa mlio kama wa mlango usiofunguliwa siku nyingi. Nami nikacheka. Tulishikana mikono juu ya kinu, mikono yangu ya kijani kwa sombe. Na katikati ya kicheko sauti yake ikageuka, ikawa kilio. Miezi miwili yote ilitoka pale. Alilia mpaka majirani wakachungulia, akimwita Leonardi kwa jina la nyumbani ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Alipotulia, akajifuta kwa upindo wa kitenge.

"Mwisho yake iko namna gani?"

Nilimwambia mwisho ninaoujua wa miaka mingine. Fundi anashuka ngazi. Anaivua kofia, anaipangusa rangi kwa kiwiko, anainyoosha mbele yake, hewani. Kofia inainuka. Inakwenda yenyewe, kwa urefu wa mtu, mpaka mlangoni, na mlango unajifunga taratibu. Fundi anabaki peke yake. Anaangalia nyumba, kisha anachukua brashi na kumaliza ukuta uliobaki.

"Ni muzuri," Mama Kabange akasema. "Ule fundi alilelewa muzuri."

Leo asubuhi alimwita Dionizi ndani. Aliongea akiwa amesimama, jambo ambalo sijamwona akilifanya.

"Huyu muke hakumucheka mutoto yangu," akamwambia. "Alicheka naye. Muntu akikuuliza tena ku karakana, umujibu Mama Kabange njo alisema vile. Nami nilicheka jana, hapa uani. Uniulize na mimi nilimupatia nini."

Dionizi alichukua kilemba cha mama yake kilichokuwa kitini, akakikunja na kukikunjua. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilipokumbuka kwamba naye amefiwa.

"Sitasema tena ile neno," akasema mwishowe. "Agnesi abakie, juu ya masomo. Lakini mudogo aende. Yaya, nyumba iko wapi ya kuweka batoto babili?" Aliniita yaya, mimi mdogo kwake. Ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, na ilinikata zaidi ya hasira yake.

Nilimgeukia Mama Kabange nikitegemea akatae. Hakukataa. Alinishika kiganja.

"Mu nyumba yangu kule hamuna muntu, Mama Agnesi. Unipatie Faustini. Mpaka utapata pa kukaa."

Tunakwenda mtaa wa Katuba, kwa kaka yangu. Ana chumba na nusu, na watoto watano. Nilitazama miguu yangu.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Nilisema upesi mno. Hilo nalo niliungame hapa. Sehemu moja ya moyo wangu ilihesabu mikeka ya kwa kaka yangu kabla sehemu nyingine haijapata sauti.

Tangu asubuhi najiuliza: kama ningejua, ningejizuia Jumapili? Ningeuma kitambaa, ningetoka nje? Nimejaribu kujibu ndiyo. Mama mwema angejibu ndiyo. Lakini kwa muda ule mfupi ukumbini, mume wangu hakuwa yule aliyekohoa wiki sita. Alikuwa mzima, anaudhika, anatafuta kitu chake. Tangu Jumapili namkumbuka hivyo, na yule wa hospitalini amesogea mbali kidogo. Sijui kama mtu anaweza kupewa kitu kama hicho bila kunyang'anywa kingine.

Jumatatu nitakwenda kwa masista kuomba kazi ya kushona. Nikipata chumba changu, hata kiwe cha mabati matupu, nitapanda gari la moshi kwenda Kabalo kabla ya Pasaka. Nimeandika hapa ili nisijidanganye.

Nimefua nguo zake, zimeanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Faustini amenifuata kutwa nzima, amefurahi, anauliza Kabalo ni mbali kiasi gani. Nimemwambia ni mbali, mtu analala njiani ndani ya gari la moshi. Akaniuliza yeye na mimi nani atakaa upande wa dirisha.

Sijamjibu. Kesho asubuhi, kabla hajanywa uji, itanibidi nimwambie.