Guyo Hakulalamika

Jumatatu, 2 Februari
Bado kompyuta tatu za kubadilisha. Amri ya makao makuu, Nairobi: ile njia ya zamani ya kompyuta kusomeana faili izimwe, virusi hupitia hapo. Ni kweli. Nimeimba wimbo huo tangu niajiriwe kutunza kompyuta za ofisi hii ya maji. Nimehamishia faili kwenye seva mpya, nimezima ile kongwe, na sasa kila mtu lazima aonyeshwe folda mpya. Hakuna anayetaka kuonyeshwa.

Jumanne, 3 Februari
Uhasibu wamepiga simu. Masjala wamepiga. Mkubwa naye: "Khadija, umetuharibia mashine." Nimewachoka. Ni Guyo tu, anayetuma malori ya maji kwa ratiba ya mkubwa, asiye na neno. Nilimwuliza nikiwa mlangoni, akasema ratiba yake inafunguka. Mungu ambariki. Sikuingia hata.

Alhamisi, 5 Februari
Skana ya masjala imegoma. Haijui njia nyingine ila ile ya zamani. Mkubwa anataka niirudishe, wiki moja tu. Wiki za ofisi hii nazijua. Nimekataa. Amenuna, nami nimenuna.

Ijumaa, 6 Februari
Watu wa kijiji cha Sericho wamepiga simu. Wiki yao ya kuletewa maji inaisha na hawajaona tone. Birika la kijiji limekauka, ngamia hawaondoki hapo, akina mama wanapimiana maji ya kunywa kwa kikombe. Ekai, dereva, anaapa alitumwa Biliqo, safari zote mbili. Biliqo walipata wiki iliyopita. Walishangaa, lakini nani hukataa maji? Mkubwa haamini, ratiba aliyoiandika inasema Sericho. Anasema Ekai ameuza maji njiani. Amemsimamisha kazi.

Nilimwona akikabidhi funguo. Sikupenda.

Jumamosi, 7 Februari
Sikulala vizuri. Nimekwenda ofisini, nimewasha kompyuta ya Guyo. Ratiba inafunguka, ndiyo. Ya wiki iliyopita. Mashine ilikuwa imejiwekea nakala, na seva ya zamani ilipozimwa ikaendelea kumwonyesha nakala hiyo, kimya kimya. Ratiba zetu huandikwa siku tu, bila tarehe. Angejuaje? Wengine wote walipata ujumbe wa kosa wakanipigia kelele. Yeye hakupata.

Hasira ya wiki nzima imenirudia mwenyewe.

Nimempigia mkubwa: si Ekai, ni mimi. Akasema nimtafute Ekai nimwambie kwa mdomo wangu, na lori liondoke leo. Nilimkuta kwake, akifua shati la kazi. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kuchukua funguo.

Jumatatu, 9 Februari
Ekai amerudi. Nilimwuliza kama watu wa Sericho walimsema vibaya.

"Hawakusema kitu, madam. Walikuwa wanakunywa."

Masjala wamepiga tena kuhusu skana. Nimewaambia nakuja. Kwanza nikapita kwa Guyo. Akasema kwake kila kitu kiko sawa. Nikavuta kiti, nikaifungua ratiba mwenyewe.