Shangazi, Usilitume Sanduku la Pili

Ghorofani, nyuma ya karakana ya friji,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na magoti yako yanasemaje siku hizi? Na mzee wako, bado anagombana na redio? Sisi huku tu wazima, na neno hilo naliandika kwa shukrani, maana wiki chache zilizopita nisingethubutu kuliandika.

Sanduku lako la nguo za mtoto lilifika salama kabla sijajifungua. Tulilifungua kitandani, mimi, mume wangu na mama mkwe. Tulicheka mpaka basi tulipokiona kile kikoti cha bluu, kwamba mwanao dereva wa lori, na ndevu zake zote, aliwahi kuenea humo! Mama mkwe akalinusa blanketi, akasema, "Huyu shangazi yako anajua kutunza vitu. Nguo zinanukia usafi." Vile vidonge vyeupe vya naftalini ulivyoweka pembeni kufukuza nondo tulivitoa tukavitupa, tukaona yamekwisha.

Mtoto alipozaliwa tulimwita Bosi, kwa jinsi alivyotuamrisha. Tulimvalisha na kumfunika kwa vitu vyako tu. Mwanzoni alinyonya kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Halafu macho yakaanza kuwa ya njano. Majirani wakasema ni kawaida ya wachanga, mwoteshe jua la asubuhi. Nikampaka mafuta mwili mzima, nikamfunga vizuri kwenye lile blanketi, nikakaa naye dirishani.

Badala ya kupungua, njano ikashuka mpaka nyayoni. Akaacha kunyonya, akaacha hata kulia. Nilipofungua nepi, mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Mume wangu aliiacha friji ya watu wazi katikati ya karakana, tukakimbilia hospitali.

Muuguzi aliyetupokea alimwinua mtoto, akasita, akamnusa.

"Mama, nguo hizi zilihifadhiwa na nini?"

"Naftalini."

"Mvue zote. Sasa hivi."

Daktari alitueleza kwamba kuna watoto wanaozaliwa na damu isiyostahimili kitu hicho. Mvuke wake ukiingia puani na kupenya ngozi, chembe za damu zinapasuka, na ile njano ndiyo mabaki yake. Mafuta niliyompaka yaliusaidia kuingia. Kuvitupa vidonge hakukutosha, kwani dawa ilishakaa kwenye nyuzi za nguo.

Bosi alilazwa chini ya taa ya bluu, akaongezewa damu. Mama mkwe alinawa mikono, akainusa, akanawa tena.

Alipona, Shangazi. Sasa analia ngazi nzima inasikia. Mama wa ghorofa ya juu alipokuja kulalamika, mume wangu akamwambia, "Tuvumilie, mama. Kelele hizi tulizililia sisi wenyewe."

Najua utasema, mbona wanao walikua vizuri? Walizivaa zikiwa mpya, naftalini ilikuja baadaye. Wala sikulaumu. Harufu ile sote tuliiita usafi.

Mume wangu hakutaka nikuandikie. "Mtu ametoa kwa moyo wake," alisema, "wewe unataka kumchoma?" Nikamuuliza, "Na sanduku la pili je?" Akaniletea kalamu. Maana ulisema unamwandalia mdogo wangu, naye karibu atajifungua. Daktari anasema udhaifu huu hupitia kwa mama, kwa hiyo mdogo wangu, niliyetoka naye tumbo moja, anaweza kuzaa mtoto kama wangu. Yeye nimeshamwambia. Akanijibu, "Mimi siwezi kumkatalia Shangazi, mwambie wewe." Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, tusingefika popote. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nakuomba pia uvitoe vidonge vilivyobaki makabatini na chooni kwako. Wajukuu wako wanaotambaa watavidhania peremende, na kimoja tu kikimezwa ni hatari. Vifunge vizuri, uvitupe mbali na wanapochezea. Nondo akitoboa sweta, tutashona.

Nguo zako nilizifua na kuzianika mara nyingi, blanketi likaendelea kunuka vilevile. Nimezitupa zote. Kile kikoti cha bluu kilinishinda, nikasimama nacho jalalani kama mwehu, watu wakipita. Kisha nikakitupa nacho. Bora ulijue hili kutoka kwangu.

Sasa nina ombi moja. Usitutumie kitu tena, njoo wewe. Bosi hajamwona bibi yake. Njoo mikono mitupu. Kitanda kipo, na wa kukuamsha alfajiri yupo.

Nisalimie mzee wako, mwanao dereva na mkewe, na wajukuu wote mmoja mmoja. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema mna mengi ya kuzungumza. Mungu akulinde wewe na kila mtoto anayelala chini ya dari yako.

Mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda leo kuliko nilipolipokea sanduku,

Chiriku wako.