Siku Niliyojichana Mwenyewe

Kwako dada, huko ulikoolewa,

Hili sijamwambia mtu. Jumapili iliyopita nilijichana mwenyewe. Vidole vyangu unavijua, kwa hiyo nilikifunga kitana kiganjani kwa soksi, kama ninavyoifunga kalamu hii, nikajifungia chumbani karibu saa nzima. Nilizigawa nywele katikati kama ulivyokuwa ukinifanyia. Kwenye kioo nikajiona msichana kama wenzangu.

Nikasukuma kiti changu cha magurudumu hadi sebuleni. Mama akaduwaa. "Makubwa! Nani kakuvuruga nywele hivi?"

Nikasema ni kitinda mimba wetu, alikuwa akinichezea. Mtoto akala kofi huku akilia, "Si mimi, mama." Afadhali nionekane nimechezewa kuliko mama ajue kwamba pale ndipo mwisho wa uwezo wangu.

Akanichana upya, mkono mmoja kiunoni. "Mgongo wangu umechoka, mwanangu. Tunyoe tu tupumzike. Kwani unakwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba hata mimi napenda kipara, hakina joto. Alifurahi sana, dada. Sasa nitanyolewa kila mwezi.

Wengine hawajambo, na paka kazaa. Ukipiga simu usimwambie mama lolote, maana ameshapata nafuu yake.

Kinyozi amefika. Namsikia akiuliza kama anipitishie mashine au wembe, na mama anasema wembe, zichelewe kuota. Wanakuja huku. Barua naiweka chini ya paja, nitaikamili—