Mapezi ya Nyangumi na Likizo Yangu ya Krismasi

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Najua utajibu "haujambo" huku umeinama kwenye kahawa. Mimi mzima, ila jua na chumvi vimenibabua, ungenipita sokoni bila kunitambua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi: unauliza nimekula nini, salio linakwisha. Leo nina jambo la likizo ya Krismasi, na nataka ulisome lote.

Bosi wetu hapa Zanzibar aliagiza mapezi mapya, vile viatu virefu vya mpira tunavyovaa kuzamia. Kwenye boksi wamechora nyangumi. Wanasema ukingo umekatwa kama mkia wake, kwa hiyo anayevaa hachoki hata kwenye mkondo mkali. Bosi akaniambia, "Mchagga, wewe una mdomo wa biashara. Yauze haya, Krismasi uende kwenu." Mama, siku hiyohiyo nilianza kupanga nguo kwenye begi.

Akaja mteja, mama wa makamo aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Alitaka kuzamia kwenye mkondo. Akaniuliza, "Ni kweli sitachoka?" Nilikuwa sijayajaribu bado. Mama, wewe hujawahi kumpa mgeni mbege yako ya ndizi kabla hujapiga funda la kwanza mbele yake, na mimi nimekulia hapo. Nikamwomba anisubiri. Nikayavaa yale mapezi mapya, nikaingia baharini, nikaogelea kuukabili mkondo. Kisha nikavaa yangu ya zamani, nikarudia njia ileile.

Nisiyasingizie: ni laini, na kugeuka nayo ni raha. Lakini kwenye mkondo sikwenda mbele zaidi ya siku zote, na mashavu ya miguu yaliwaka moto vilevile. Nyangumi anapiga mkia mmoja kwa mwili mzima. Mimi napiga miguu miwili kwa zamu, tena miguu yenyewe ya kupandia milima ya kwetu Uru! Nikamweleza hivyo. Akashukuru, akachagua kuzamia sehemu tulivu, na hakununua kitu.

Bosi alipoyaona yamelowa na kukwaruzwa na matumbawe, alikuja juu. "Nani kakutuma kuonja mali ya dukani? Hii ni pombe yenu ya ndizi?" Kwa upande wake ana haki. Hakunifukuza, ila zamu zote za sikukuu amenipa mimi.

Kwa hiyo Mama, siji. Nimelia, sikufichi. Watu wote wa kwetu watakuwa wanapanda kurudi nyumbani, na mimi nitakuwa nabeba mitungi ya hewa. Majirani wakiuliza, usiwaambie nimekataa kuja. Nitaomba Pasaka, ila siahidi.

Nisalimie Baba, asimweke mbuzi wa sikukuu kwa ajili yangu. Nisalimie shangazi wa Rau, na kaka yangu anayebeba mizigo ya wapanda mlima huko Marangu. Mwambie avae soksi nzito. Bibi mbusu kwa niaba yangu, hata akinung'unika.

Yule mteja alizamia jana. Alitoka akicheka, goti lake salama. Nilimpa mkono apande botini, na mkono wake, Mama, ulikuwa na mikunjo kama wako. Nikachelewa kuuachia.

Mwanao anayekupenda,
Aneth